Jumamosi, Chumba cha Nyuma

Ilala, nyuma ya duka la vipuri,
ngazi tatu, mlango wa bati,
na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya unga:
TUPO JUMAMOSI, SAA TATU HADI ADHUHURI.
UMEME UKIKATIKA, GONGA TU.

Nikagonga.

Hawalipwi hata nauli, hawa.
Mama Ndeuforo, miaka thelathini na moja
mpiga chapa wa ofisi ya ardhi,
amekuja na feni yake mwenyewe kutoka Tabata.
Bwana Mfaume alikuwa karani wa reli;
bado anatazama saa kama anasubiri treni ya Kigoma.
Na Kassamali, aliyerithi studio ya picha
pamoja na madeni yake,
anapuliza vumbi kwenye nyuso asizozijua,
taratibu, kana kwamba zitapiga chafya.

Daftari la wageni lina safu nne:
Jina. Unatoka wapi. Simu.
Unamtafuta nani?
Nikaandika: Kondo Pazi, babu yangu,
mwenye nyumba.
Sikuandika kwamba kaka zangu hawasalimiani,
kwamba kesi ya mirathi ni Jumanne,
kwamba nimetumwa mimi, kitinda mimba,
eti kwa kuwa sina upande.

"Mwenye nyumba," akarudia Mfaume,
kama mtu anayejaribu sarafu kwa meno.
Akashusha maboksi ya sabuni, maboksi ya majani ya chai,
ndani yake mji umelala kwa mafungu:
leseni za baiskeli, kadi za kliniki,
daftari la mchango wa mazishi wa watu wa Rufiji,
barua ya posa iliyokataliwa kwa adabu kubwa.
Nje fundi anajaribu honi,
anaijaribu tena, hajaridhika.

Kondo tukampata. Mara mbili.
Kwanza, faini: baiskeli bila taa, shilingi mbili.
Pili, baiskeli ileile.

Kisha Mama Ndeuforo akavuta daftari la kodi ya viwanja,
mgongo wake umeliwa na mchwa,
akalamba kidole, akajikumbuka, akakifuta.
Kiwanja cha kumi na saba.
Januari, imepokelewa toka kwa Siwema binti Mkali.
Februari, Siwema binti Mkali.
Machi, Siwema, nusu.
Aprili hakuna kitu; pembeni karani ameandika "mvua".
Mei, Siwema, na ya Aprili, na ile nusu.
Miaka kumi na mmoja hivyo,
na kila mstari dole gumba la zambarau,
dogo, lenye kovu la mshazari.

Kovu nalijua.
Limepita kichwani kwangu na mafuta ya nazi
kila Ijumaa hadi nikaanza shule.

Nikanyoosha langu kulilinganisha.
"Mwanangu," akasema Mama, "wino ule haupendi jasho."
Nikalirudisha mfukoni kama kitu cha wizi.

Nyumbani tulisema nyumba ya Babu.
Tulisema hivyo hata Bibi akiwapo,
anapepeta mchele, anaitikia.

Wana fomu ya waliotangulia.
"Kazi yake?" Kalamu ikangoja.
Nikasema, "Mama wa…" nikameza.
Andika vitumbua. Andika saa kumi alfajiri,
makarai mawili, geti la karakana ya reli.
Mfaume akainua kichwa.
"Geti la karakana? Vyenye iliki?"
Vyenye iliki.
Akavua miwani, akaifuta,
na haikuwa na kitu.

"Baba yake?"
Mkali.
"Mama yake?"
Honi ya nje ilikuwa imenyamaza.
"Mama yake," akauliza tena, chini chini,
kama anayeamsha mtoto wa watu.

Nimelala kitanda kimoja na Bibi miaka sita,
miguu yangu kwenye magoti yake,
na sikuwahi kuuliza.

"Basi," Mama Ndeuforo akachora mstari
kwa penseli, si kwa wino,
"hapa tunapaacha wazi.
Jumamosi ijayo njoo na ufagio.
Wetu umekatika."