Mstari wa Mia Tisa na Kumi

Kijana ameiweka kauntani, hapa Luthuli,
kaseti aliyoiokota Gikomba ndani ya kiatu cha mtumba.
"Fundi, inapiga mluzi tu. Muziki uko wapi?"
Nikaigeuza. Mwandiko wa Gurdip,
wino wa bluu uliofifia: USILALE.
Chini yake, mkono wangu wa kitoto:
Radi ya Ngara, mazoezi.

Mluzi huo si ubovu.
Ndivyo michezo ilivyoingia kwenye mashine enzi zile:
dakika sita za chiriku aliyebanwa na mlango,
na waya ukiguswa, unaanza upya.
Ambetsa aliusikia akasema, huu ndio mwanzo wa wimbo wetu.
Alikuwa na gitaa lililoungwa kwa gundi ya viatu,
suruali ya mjomba iliyofagia sakafu,
na sanduku la santuri za roki, za Wazungu wenye nywele za mabegani,
alizozikariri kama Zaburi, mkwaruzo kwa mkwaruzo.
Mutindi, ngoma. Mama yake aliambiwa ni kwaya.
Mimi, besi. Nyuzi tatu; ya nne ilikuwa ahadi.

Mchezo wenyewe? Usicheke.
Wewe ni askari wa usiku mbele ya duka.
Una blanketi na vijiti ishirini vya kuni.
Hakuna mwizi. Hakuna bunduki, hakuna pointi.
Ukibonyeza, unachochea moto.
Ukibonyeza mno, kuni zinakwisha.
Usipobonyeza, kichwa cha askari, nukta nne tu, kinainama.
Na saa yake ni saa ya ukutani:
saa nne usiku hadi kumi na mbili asubuhi.
Mara moja moja mbwa anapita.
Tulimshangilia mbwa yule kama bao la dakika ya mwisho.

Baba yake Gurdip alikuwa amemfukuza Lokidor,
askari wao wa miaka kumi na mmoja,
kwa kusinzia mara moja.
Wiki nzima Gurdip hakuja mazoezini.
Akarudi na kaseti, macho mekundu.
"Haya, jaribuni nyinyi."

Tukajaribu. Yeye kwenye kibonye, sisi watatu tukipiga
ili askari asilale, na jirani asilale,
na mapadri ng'ambo ya barabara wasilale.
Wimbo ule haukuwa na mwisho. Uliishia umeme ulipokatika,
na umeme haukutuangusha: saa nane, saa tisa unusu.
Usiku mmoja tulifika kumi na moja na dakika arobaini,
vijiti viwili vya kuni vimebaki,
Mutindi akipiga kwa viganja, vijiti vyake vimevunjika,
kisha giza.
Katikati ya kioo ikabaki nukta moja nyeupe,
nayo ikaenda zake.
Gurdip hakulaani. Nilidhani ni ustaarabu.

Kwao walihamia Leicester. Ambetsa anauza bima Kakamega.
Mutindi yumo kwenye kwaya, kwa kweli sasa.
Mashine ninayo, chini ya kaunta, vibonye vya mpira vimelika,
na betri ya lori, na inveta. Umeme ukatike utakavyo.

Nikaikaza kanda kwa kalamu, nikapangusa kichwa kwa spiriti.
Mluzi ukaingia wote, dakika sita, kijana kaziba masikio.
Lakini mimi fundi, sichezi kabla ya kufungua.
Nikaiambia mashine inionyeshe matumbo.
Mistari ya moto. Mistari ya mbwa.
Mistari mingi, mingi kuliko nilivyotarajia,
ya namna kichwa kinavyoinama.
Kisha mia tisa, maneno matupu, hayaamuru chochote:
HAPA KUPAMBAZUKE. NITAANDIKA KESHO.
Baada yake, hakuna.

Kishale kinapepesa.
910.
Ningeweza. Rangi ya chungwa juu ya paa, mistari mitatu minne.
Lokidor akikunja blanketi.
Kidole kiko juu ya mpira.

"Imepona?" kijana anauliza.
Namwambia aje kesho.