Aya ya Kwanza

Niliandika: "Alfajiri, moshi ulipotanda kama huzuni..."
Bi Ondina akaifuta huzuni kwa kalamu nyekundu,
kisha akaifuta alfajiri.
"Nani kaunguliwa? Mtaa gani? Saa ngapi?
Msomaji wa Tacuarembó husoma amesimama,
mkate kwapani, basi linanguruma."

Nikasema: duka la mikate la Etcheverry.
"Etcheverry yupi? Wako wawili,
na hawaamkiani."

Nikarudi kwa miguu, mvua ikininyeshea,
daftari ndani ya shati.
Mjane alikuwa akifagia maji meusi.
Nilimwuliza umri wake, nikaona haya.
"Sitini na tisa," akasema, fagio halikusimama.
"Na tanuri uliandike. Lilikuwa na arobaini na moja."

Saa tatu usiku nilipeleka mistari minne.
Bi Ondina aliisoma akitafuna biskuti,
akakata "kwa bahati mbaya":
"Kwani kuna moto wa bahati nzuri?"
Umri wa tanuri hakuugusa.

Asubuhi, kituoni, jamaa mmoja mwenye koti la ngozi
alisoma amesimama.
Alipofika kwenye tanuri akarudi mstari wa juu,
akaanza tena,
na basi likamwacha.