Mpira Mmoja, Rustavi

"Ni giaboksi," alisema Otari hata kabla hajashuka.
Ameshauza mitungi miwili ya divai
kulipia maziko yake.
Ukikanyaga mafuta, alisema, gari linashtuka
kama mdaiwa aliyeitwa jina kutoka nyuma.

Mzia hakujibu. Alichomoa kijiti,
akafuta, akachovya, akanusa:
mafuta mekundu, maangavu kama komamanga,
hayanuki kuungua.
Akafungua boneti.
"Shika breki. Tia gia. Kanyaga kidogo."

Injini ikainuka nzima nzima,
ng'ombe anayegoma kukamwa,
ikajibwaga. Pu!

"Tena."

Pu!

Nikamulika tochi. Mpira unaoishikilia injini
umepasuka, mdomo wazi, kidole kinapita.
Siku zote ulikuwa ukisema;
sisi tukasikiliza giaboksi.

Jeki, kipande cha ubao, bolti tatu
(moja ilikataa, ikatukanwa Kijojia mpaka ikalegea),
saa moja na robo.

Otari akapanda kilima cha kiwanda cha chuma, akarudi.
Gari limenyooka kama maji kwenye mfereji.
Akashuka, akalizunguka, akavua kofia.
Tulidhani atashukuru.

"Sasa," akasema, "mitungi yangu je?"