Pete ya Uzi

Umeme hakuna. Nageuza kioo cha hadubini
kulitafuta jua la Moshi, ambalo Julai
hujifunika shuka mpaka saa tano.
Ncha ya mzizi wa kitunguu cha Mbuyuni:
nimeipasha kwenye asidi, nimeitia rangi,
nimeikandamiza kwa kidole gumba.

Wataniuliza tu: mwalimu, uzi mrefu hivyo
unakaaje ndani ya chumba kidogo hivyo
bila kufunga fundo?

Kitabu kinasema kondensini.
Mimi namwona mama, Majengo,
mwaka ule wa zabuni ya sweta za kijani,
akifumua kuukuu ili afume mapya,
mimi na Aikaeli tumenyoosha mikono kama vigingi,
uzi ukipita, kitanzi, tena kitanzi, tena kitanzi,
hata rundo lililofunika kitanda
likawa donge la kutia mfukoni.
Hakulazimisha. Alivuta, akakunja, akavuta.

Madonge mawili ya rangi moja
aliyafunga pamoja kwa pete ya uzi mwembamba.
Tukikimbilia mkasi, alitupiga vidole:
"Bado! Wewe shika huku. Wewe kule.
Vuteni. Nione mmekaza wote wawili."
Ndipo akaikata pete
kwa meno.

Wingu limepasuka kidogo. Naziona.
Kumi na sita, kila moja na pacha wake,
mstarini katikati ya seli kama gwaride la asubuhi,
zimebanwa viunoni na kitu nisichokiona
(kohesini, nitaandika ubaoni, herufi kubwa).
Moja imechelewa. Imeshikwa upande mmoja tu,
upande wa pili unapapasa.
Na seli nzima, pamoja na haraka yake yote ya kukua,
inaingoja hiyo moja.
Hakuna anayekata.

Aikaeli alipanda basi la Songea
wiki moja baada ya matanga.
Tuligawana vyombo, cherehani, madeni.
Huu ni mwaka wa tatu, simu haijalia.
Sijui nani aliing'ata pete.
Najua kwamba mimi, upande wangu,
nilikuwa sijakaza.

Kengele. Wa kwanza kuingia ni Nkaanaeli,
viatu vina tope, sweta ya kijani imetoboka kiwiko.
Funga jicho moja, namwambia, tazama.
Anatazama kwa muda mrefu.
"Mwalimu, mbona hazitembei?"

Asidi ilizikuta hapo. Hilo ndilo jibu.

"Zinangoja," namwambia.