Stakabadhi ya Kilindini

Sanduku la kumi na nne lilikuwa refu kuliko lori.
Wapagazi sita kila upande,
wakiambiwa taratibu, taratibu,
kama waliobeba mgonjwa.

Mwinyihija, karani wa forodha, akalamba ncha ya penseli.
Aina ya mzigo: roketi, vipande. Setilaiti, moja.
Umeingilia wapi: Kilindini.
Utatokea wapi?

Hapo penseli ikagoma.

Mhandisi akamweleza, mkono ukichora duara hewani:
jukwaa liko kaskazini, limesimama majini kwa miguu ya chuma,
na huku karibu na ikweta dunia yenyewe inakwenda mbio,
hukisukuma chombo mgongoni, bure.

Bure?
Miaka ishirini na mbili bandarini
Mwinyihija hajapata kuona mzigo uliosukumwa bure.

Akaandika: Juu.
Akagonga muhuri.

Usiku wa kurushwa alipanda darini, Mwembe Tayari,
kikombe cha kahawa mkononi, akakodoa upande wa Malindi.
Mawingu. Taa za kreni. Popo.
Mkewe akamwita mara mbili, wali unapoa.
Alishuka mara ya tatu.

Wakaguzi walikuja, wakaenda, wakaja wengine.
Kila mwaka daftari lile humrudia na wino mwekundu:
sanduku namba kumi na nne halijafungwa hesabu,
hakuna ushahidi wa kutoka nchini.

Naye huwajibu bila kuinua kichwa:
ngojeni kiza kiingie,
mtoke nje,
mkauhesabu wenyewe.