Mifuko Miwili ya Saruji

Leninakani, Armenia, Desemba 1988

Siku ya tano mhubiri alifika kutoka Yerevani,
koti refu, viatu vikavu,
akapanda juu ya kreti za maji
akatutangazia kwamba Mungu ameondoa ulinzi wake.
Miaka sabini mligeuza makanisa kuwa maghala,
mkanyamaza, mkanenepa.
Sasa Mwenyezi amelitupa mkono taifa hili.

Sikugeuka. Nilikuwa na misumari mdomoni.
Jeneza la kumi na saba tangu alfajiri,
fupi, la msonobari mbichi
unaotoa utomvu kila nikipiga nyundo.
Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa madawati.
Vipimo havikubadilika sana.

Shushanik, kiatu kimoja cha buluu mkononi,
akamwuliza, bila ukali,
kama mtu anayeuliza bei sokoni:
Huo mkono, aliuondoa saa ngapi?
Maana saa tano na robo nilipita shuleni
kumpelekea Nairi skafu yake,
na Nairi alikuwa anacheka.

Mhubiri akafungua kitabu. Akatafuta.
Upepo ukamfunulia kurasa asizozitaka.

Wako waliomwitikia amina. Garegin wa posta
aliitikia hadi sauti ikamkauka.
Siwacheki.
Ghadhabu ya Mungu ina mpini, mtu aweza kuishika.
Mchanga hauna mpini.

Halafu wale Wafaransa na mbwa wao.
Mbwa ananusa ufa, anaketi, analia kidogo,
na watu wazima wanazima injini zote
ili kumsikiliza.
Taifa lililotupwa huletewa mbwa kama huyu?
Sijui. Nauliza tu.

Ninachokijua ni hiki.
Siku ya pili niliokota kipande cha nguzo ya shule,
nikakifumbata, kikamomonyoka kama kashata ya jana:
mchanga, mchanga,
na ukijivu kidogo wa kuomba radhi.

Mwaka wa sabini na nne, shule ikijengwa,
mimi nilikuwa wa milango na madirisha.
Msimamizi aliondoka na lori zima.
Mtunza stoo, toroli.
Mimi mifuko miwili tu, usiku,
chini ya blanketi la mwanangu.
Mali ya serikali, tulisema,
na mali ya serikali haina mama wa kuililia.
Mikono mirefu sote, wala hatukuita wizi.
Tuliita kujisogeza.

Nilijenga banda la kuku.

Nyumba ya Garegin iko chini. Posta iko chini.
Shule, mnajua.
Banda limesimama, hata ufa halina.
Kuku walitaga siku ileile.

Usiku, ndani ya hema, Arshaluys akaniuliza:
Uliyaamini maneno ya yule mtu?
Nikasikiliza theluji ikilemea turubai.
Nikataka kusema hapana,
kwamba Mungu hauzi saruji, hapimi zege,
hasaini risiti.
Lakini lilinijia wazo jingine, na bado halijaniondokea:
kwamba labda miaka kumi na minne
mkono wake ulikuwa pale juu, chini ya dari,
mahali pa mifuko yangu miwili,
mahali pa toroli na lori,
ukiwabebea watoto mia tatu hesabu za asubuhi,
na sisi huku chini tukiona jengo zuri.

Sikumwambia. Nilisema, Lala.

Kulipokucha nilichukua nyundo kubwa nikaenda bandani.
Nikainyanyua. Mikono ikanikatalia.
Arshaluys akanipita bila kuniangalia,
akainama mlangoni, akatoka na mayai manne ndani ya aproni.
Wapelekee wale wenye mbwa, akasema,
wamekesha.
Bado yana joto.