Meza ya Ghorofa ya Tatu

Nilikuwa macho mawili tu.
Miaka kumi na mmoja kule Ayutthaya,
nguo nyeupe kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu,
nikibandika vichwa vya kusomea diski,
vidogo kuliko punje ya ufuta,
jicho kwenye hadubini, pumzi nimeibana,
maana vumbi moja likiponyoka kwenye nyusi
kwa hadi diski ni jabali katikati ya barabara.

Kichwa hakigusi sahani. Huelea juu yake
kwa upenyo ambao hata moshi haupiti,
huku sahani ikizunguka mara elfu saba na zaidi kwa dakika.
Ni ndege, alitufundisha Bi Busaba wa zamu ya usiku,
inayopaa unene wa ukucha juu ya majani.
Siku ikitua, alisema,
tandikeni mkeka wa matanga.

Kisha mto ukaingia kiwandani bila kitambulisho.
Mashine zikanywa maji mpaka zikanyamaza.
Nikahamia Rangsit, nikapanga meza
kati ya wauza vifuniko vya simu:
taa, bisibisi za ukubwa wa njiti,
na kibao, NAFUFUA KUMBUKUMBU.
Mume wangu anasema kibao kinajigamba.

Diski ya zamani hufa kama mgonjwa mwenye adabu.
Hukohoa wiki nzima. Hugonga, ko, ko, ko,
usiku, wenye nyumba wakidhani ni mjusi darini.
Dalili ya mvua ni mawingu,
na mawingu yake huyasikia hata kwa simu:
usiiwashe tena, mjomba. Ichomoe. Njoo nayo.

Mzee Prayun, karani mstaafu wa reli,
aliileta yake ndani ya taulo.
Nikaigeuza. Lebo: Septemba,
wiki chache kabla ya gharika.
Kiwanda chetu. Laini ya nne.
Laini yangu.
Niliifungua kama barua niliyojiandikia nikasahau,
nikakuta sahani ina mkwaruzo wa duara.
Niliokoa picha mia tatu na kumi.
Ya harusi ya bintiye ilitoka nusu,
bwana harusi kamili,
bibi harusi ameishia kiunoni, chini yake ni kijivu.
Mzee akacheka.
"Yatosha. Miguu yake naikumbuka."

Juzi akaja Pakorn, mwanafunzi wa usanifu wa majengo,
na diski ya chipu, nyembamba kama kipande cha chingamu.
Jana ilikuwa nzima, akasema.
Nikaiweka sikioni. Mazoea, mjinga mimi.
Hakuna mota humo, hakuna kikohozi.
Kuna umeme uliofungiwa katika vyumba vya mabilioni,
na mlinzi mmoja mwenye funguo zote
amezirai juu ya funguo.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa.
Hiki hakikuwa na mshindo hata baadaye.

Sisemi ya kale ni dhahabu.
Hesabu zangu mwenyewe naziweka kwenye chipu,
inaamka kabla sijavuta kiti.
Iliwahi kuanguka ngazini, ikaendelea na kazi;
ile ya sahani ingekuwa marehemu kwenye kidato cha pili.
Ila kwenye ya zamani, ukifuta neno
alama hubaki, kama penseli chini ya kifutio.
Hii mpya hujifagilia vyumba usiku, bila kutumwa.
Na ukiisahau miaka mingi ndani ya droo, bila umeme,
nayo huanza kukusahau.

"Miaka mitano ya michoro," akasema Pakorn.
Nakala je?
Akatazama viatu vyake.

Nilijaribu siku mbili. Waya, joto, matusi.
Akauliza deni lake.
Nikamwambia sitozi kimya.
Hakuondoka. Mwuza vifuniko alishafunga,
taa za ukumbini zikazimwa moja moja,
nikamsukumia kalamu na risiti iliyogeuzwa.
"Ngazi," akasema, "ngazi naikumbuka."
Akaanza na ngazi.